Bibie Kaoga, Fundi Haoni Kitu

Mjinga wa siku ile alikuwa yeye, na heri lisemwe sasa hivi kabla hajapata nafasi ya kulisimulia mwenyewe. Akilisimulia yeye, mjinga hubadilika: mara awe shemeji yake, mara wawe waliolitengeneza gari, mara iwe hali ya hewa.

Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Steringi, kwanza kwa sababu aliendesha malori ya watu mpaka akastaafu, na pili kwa sababu katika kila hadithi aliyosimulia yeye ndiye aliyebaki hai mwishoni. Alipostaafu, mapenzi yote aliyokuwa akiwagawia malori aliyahamishia kwenye gari lake dogo la zamani, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Gari lenyewe lilikuwa na umri sawa na binti yake mkubwa, na lilikuwa limemlaza macho kuliko binti huyo. Alilipa jina la Bibie. Mkewe, fundi cherehani asiye na maneno mengi lakini machache aliyonayo yana ncha, aliliita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu kaamkaje?" angeuliza asubuhi, akimwona mumewe anafuta taa za mbele kwa kitambaa laini ambacho jana yake kilikuwa bitana ya gauni la mteja.

Sasa, Steringi alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyeweza kumtenganisha nayo. Gari haliendi kwa fundi likiwa chafu.

"Hata wewe," angekwambia, "mtoto wako akiumwa unampeleka hospitali na makamasi?"

Kwa hiyo kila Bibie alipougua, kwanza alimpasha moto. Gari lingenguruma uani mpaka sindano ya joto ipande, kwa maana grisi, alisema, huachia vizuri chuma kikiwa cha moto. Kisha angefunua boneti na kummwagia maji baridi ndoo kwa ndoo, tsss, mvuke ukapanda mpaka juu ya ukuta na majirani wakajua leo kuna safari ya gereji. Angesugua kwa brashi na sabuni, akamkausha kwa fulana kuukuu, ndipo akaendesha kwenda kwa fundi, dirisha wazi, kiwiko nje, kama mtu anayepeleka posa.

Harufu ilianza polepole, kama uvumi. Aliyeipata kwanza ni mkewe, na pua ya mwanamke yule ilikuwa na historia. Ndiyo iliyomwachisha Steringi sigara. Enzi hizo alikuwa akivutia nyuma ya bafu, akitafuna majani ya mlimau, akinawa mpaka viwikoni, na bado mkewe, kaipa dunia mgongo yuko kwenye cherehani yake, alimwuliza bila kugeuka: "Leo ilikuwa moja au mbili?"

Pua hiyo ndiyo iliyosema siku moja wakiwa njiani kutoka sokoni:

"Baba, gari linanuka moshi."

"Gari ni gari, mama. Ulitaka linuke waridi?"

"Moshi kazi yake iko nje. Huu uko humu ndani na sisi. Kichwa kinanigonga."

"Kichwa kinakugonga kwa kukodolea sindano mchana kutwa."

Alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akaenda nyuma na kuchuchumaa mbele ya bomba la moshi kama mtu anayechungulia shimo la panya. Akarudi akiwa na ushindi usoni.

"Nimekagua. Sioni hata unyuzi."

"Sikukwambia unaonekana. Nimekwambia unanuka."

"Kitu kisichoonekana, mama, hakipo."

"Akili zako je?" mkewe aliuliza, akashusha kioo cha dirisha. Tangu siku hiyo hakukipandisha tena, hata mvua iliponyesha. Alikaa pale mbele na leso puani, bega moja limelowa, na Steringi akaendesha akijiambia kwamba wanawake wengine wanazaliwa wakidhani wao ni malkia.

Kulikuwa na dalili nyingine. Asubuhi, gari likiwashwa likiwa baridi, mbele kwenye injini kulisikika kasauti: tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria akiita watu kula. Kisha gari likipata moto, kasauti kananyamaza.

"Tapeti hizo, vyuma vya ndani ya injini," alisema Steringi, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu isipokuwa kilichoulizwa. "Gari la umri huu lazima tapeti ziongee kidogo likiamka. Hata wewe ukiamka magoti yanalia."

Lakini kwa ajili ya amani ya nyumba alimpeleka Bibie kwa fundi. Fundi mwenyewe ndiye yule shemeji, kaka mdogo wa mkewe, aliyeitwa Spana, mtu mwenye mdomo mpana kuliko lango la gereji yake. Spana alijisifu kwamba gari likikanyaga tu kizingiti cha gereji, yeye kashajua linaumwa wapi na mwenye gari anadanganya nini. Ila kwa Bibie kipaji kilimwishia. Alifunua boneti, akaona injini inang'aa kama meno ya bandia. Akasikiliza: kimya, kwa sababu gari lilifika limepashwa. Akanusa: sabuni.

"Shemeji," alisema, "hili gari kila likija hapa linanukia kama bwana harusi. Sasa mimi nitibu nini?"

"Tibu pua ya dada yako."

Fundi mwenye sifa hakubali kusema sijui. Lingemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo safari ya kwanza Spana alibadilisha mafla, lile kopo la bomba la moshi linalopunguza kelele, akamvika Bibie mpya kabisa. Harufu ikabaki. Safari ya pili, baada ya kupashwa na kuogeshwa tena, alilala chini ya gari akachomelea viungo vyote vya bomba, hata visivyokuwa na kosa. Harufu ikabaki. Safari ya tatu alifikiri sana, akaning'iniza kikopo cha manukato kwenye kioo cha ndani. Gari likanuka moshi na nanasi.

Hapo ndipo Steringi alipotoa hukumu: gari ni zima, pua ndiyo mbovu. Na ingeishia hapo, wakazeeka hivyo hivyo, dirisha moja wazi na moja limefungwa, kama binti yao mkubwa hangejifungua.

Habari zilikuja jioni, mkewe akiwa anapiga pasi. Mtoto salama, mama salama, wataruhusiwa kutoka hospitali keshokutwa. Mkwe wao alikuwa mbali kikazi, na binti alikuwa anakuja kupumzika kwa mama yake. Steringi alicheza. Alicheza peke yake sebuleni, mikono juu, kisha akatoka uani kumpa Bibie habari, akapiga boneti kofi la mahaba. Ndani ya gari hili ndimo alimomleta binti huyo huyo nyumbani, akiwa amefungwa shali kama mkate wa moto, yeye akiendesha polepole mpaka waendesha baiskeli wakampita na kumzomea. Siku hiyo hakuwahi kuisimulia kwa chumvi. Ilikuwa inatosha ilivyo.

"Keshokutwa," alisema akirudi ndani, "mimi na Bibie tunamfuata mjukuu."

Mkewe hakuinua macho kwenye pasi. "Wewe na Bibie nendeni popote. Mjukuu wangu anakuja na teksi."

"Nini?"

"Umesikia. Mimi mtu mzima ninatoa kichwa dirishani nipumue. Yeye atatoa nini? Kile kidole chake?"

"Mama, gari limekaguliwa mara tatu!"

"Limeogeshwa mara tatu."

"Unataka mtaa uone mjukuu wangu wa kwanza analetwa na gari la kukodi, na la babu yake limepaki uani? Watasema nini?"

"Watasema babu yake ana akili. Watakuwa wamekosea, lakini itakuwa sifa nzuri."

Steringi alikaa. Akajaribu ubabe, haukufaa. Akajaribu huruma, akaelezea lile shali na wale waendesha baiskeli, na hapo kweli pasi ilisimama kidogo. Mkewe akaikunja nguo, akaiweka juu ya nyingine.

"Basi sikiliza. Kesho alfajiri kaka yangu anakuja hapa hapa uani. Analiona gari kama lilivyolala. Akiupata ugonjwa na akalitibu, mimi mwenyewe nitakaa nyuma, mtoto mapajani, madirisha yote yamefungwa. Asipoupata, teksi."

"Haya. Ngoja basi nikalipashe na kuliosha."

"Huoshi."

"Mama, fundi aje akute gari lina..."

"Huoshi, na huwashi." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Funguo."

Akampa. Funguo zikafungwa kwenye pindo la nguo, mafundo mawili. Kisha mwanamke yule akatoka uani, akaichukua ndoo, akaiingiza chumbani na kuilaza chini ya kitanda upande wake. Steringi alilala usiku ule kama mtu ambaye kesho binti yake anapelekwa ukweni bila kuchana nywele.

Spana alifika jua likichomoza, ovaroli imefunguliwa vifungo vya juu, mdomo umeshaanza kazi tangu njiani. Alifunua boneti, na kwa mara ya kwanza tangu aijue injini ile akaikuta na vumbi lake, grisi yake, na siri zake.

"Alaa! Kumbe Bibie naye ana jasho!"

"Usimdharau," Steringi alinong'ona. Aliona aibu kweli. Alisimama kati ya injini na lango ili wapita njia wasione.

"Dada, washa."

Mkewe alifungua fundo, akakaa kwenye usukani, akawasha. Tik-tik-tik-tik, kijiko na sufuria.

"Tapeti," alisema Steringi haraka, kabla hajaulizwa.

 Spana alichukua tambara nene, akalikunja, akaenda nyuma na kulikandamiza kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kule mbele ile tik-tik ikapanda, ikawa tsk-tsk-tsk, kisha ikawa kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Alipoliachia tambara, ikashuka. Alipokandamiza tena, ikapanda.

"Shemeji, nieleze wewe uliyeendesha malori mpaka mvi zikaota masikioni. Tapeti iko ndani ya injini, inagonga chuma kwa chuma. Nikiziba huku mkiani, yenyewe inakasirika nini?"

Steringi aligeukia langoni kuhakikisha hakuna mpita njia anayesikia. 

"Moshi umekosa njia ya nyuma," Spana aliendelea, sasa anaburudika, "unalazimisha njia ya mbele. Njoo uone. Usiguse, angalia tu."

Ubavuni mwa injini ilikaa manifoldi, kile chuma kizito chenye matawi kinachopokea moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba. Kwenye tawi moja, karibu na linapoungana na mwenzake, kulikuwa na ulimi wa masizi, mweusi, mkavu, umelamba chuma kuelekea juu. Ukiulizwa hapa kuna nini, hata mtoto angejibu. Spana alipaka povu la sabuni kwa brashi ndogo juu ya ule weusi. Povu likaanza kupumua: likafura, likapasuka, likafura, kwa mapigo yale yale ya tik-tik. Gari lilipozidi kupata moto, mapovu yakapungua, yakawa vitone, kisha povu likakauka kimya. Kasauti nako kakafa.

"Chuma kimetanuka kwa moto, ufa umejifunga," alisema Spana. "Kwa hiyo wewe ulikuwa unampasha mpaka anaacha kulia, halafu unamfuta machozi, halafu unaniletea mimi uniulize: huyu analia wapi?"

Mkewe alikuwa ameshashuka. "Na humu ndani unaingiaje?"

"Ule upenyo wa hewa chini ya kioo cha mbele, dada, unavuta kila kinachotoka chini ya boneti. Mkikwama kwenye foleni, moshi wote mnao nyinyi. Na si moshi wa kuonekana. Huu haumkohozi mtu, unamlaza. Mkubwa anaumwa kichwa. Mdogo..." Alitazama dada yake, akaacha hapo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na sentensi yoyote.

Steringi alitazama kiti cha nyuma. Akaliona kichwani lile shali, safari hii na mjukuu ndani yake. 

Kisha akatafuta wa kumlaumu. "Chuma kizito namna hii kinapasukaje chenyewe? Uliponifungia mafla yako mpya ulikivuta!"

"Mafla iko mkiani, shemeji. Hiki kiko kichwani."

"Basi ile mafla ulinivalisha ya nini?"

"Ya kukupendezesha!" Spana alipaza sauti, lakini masikio yalimwiva, na dada yake alimtupia jicho lililosema na wewe zamu yako inakuja.

"Haikupasuka yenyewe," alisema mkewe. Alisema taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. "Chungu kikitoka motoni, ukakitia maji baridi, kinafanya nini?"

Spana aliinamia tena ule ufa. 

"Kinalia tsss," alijijibu. "Nimeisikia hiyo tsss humu uani mwaka mzima. Nilidhani ni mapenzi."

Spana alicheka mpaka akashikilia ukingo wa boneti. Alicheka, akanyamaza, akamtazama shemeji yake, akaanza upya. "Anampeleka... anampeleka mgonjwa hospitali... kumbe njiani ndiye anayemchoma kisu!"

Siku ile yote Bibie alishinda amefunuliwa. Spana aliagiza manifoldi nzima kutoka kwa wauza magari yaliyokufa, ikaja imefungwa kwenye gunia, pamoja na gasketi mpya, ile karatasi ya kuziba panapokutana vyuma, kwa kuwa ya zamani alisema hairudishwi, kama neno. Kazi haikuwa kufunga mpya bali kuishawishi ya zamani itoke. Nati zilikuwa zimegandana tangu gari lilipokuwa na ujana. Spana alizipaka mafuta, akazichoma kwa moto, akazitukana, akazibembeleza. Zikatoka moja moja zikipiga kelele. Moja ilikatika shingo, ikabidi itobolewe kwa drili, na wakati wote huo Steringi alishika taa.

"Taa, shemeji! Unamulika sikio langu."

"Namulika palipo na kelele."

"Basi mulika mdomo wako."

Mchana mkewe aliwaletea chai, akakuta mumewe amekaa juu ya jeki kuukuu mbali kidogo, ile manifoldi iliyopasuka mapajani, anaupitisha ukucha kwenye ufa. Alimwekea kikombe karibu na mguu, akarudi ndani. Wakati mwingine huruma ya mwanamke yule ilikuwa ni kunyamaza, na haikuwa ndogo.

Asubuhi ya siku ya kumfuata mtoto walisimama tena uani, wote watatu, gari baridi kama jiwe. Spana akapaka povu kila kiungo. Mkewe akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikatulia. Tambara likakandamizwa mkiani. Mbele kukabaki kimya, na tambara lenyewe likasukumwa kwa nguvu mpaka likamtoka Spana mikononi. Povu lilikaa tu, jeupe, halina habari.

"Bado pua," alisema mkewe.

Akaingia kiti cha nyuma, akaking'oa kile kikopo cha nanasi na kukitupa nje, akapandisha vioo vyote, akafumba macho. Steringi alisimama nje ya dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Injini ikanguruma. Sindano ya joto ikapanda. Mwanamke yule akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akakunja uso.

Kioo kikashuka kidogo.

"Kuna moshi."

"Haiwezekani!" alipiga kelele Spana.

"Wa sigara." Alifumbua macho akamtazama mumewe. "Jana ilikuwa moja au mbili?"

Steringi alitazama chini. "Moja na nusu. Nilikuwa na mawazo."

"Gari ni zima," alisema mkewe. "Mwenye gari ndiye anayevuja. Haya, twendeni, mtoto anasubiri mlangoni."

Hapo mtu mwenye akili angeingia kwenye usukani na kushukuru. Steringi alikwenda chumbani, akapiga magoti, akarudi na ndoo.

"Shemeji!" Spana aliruka kama aliyeona nyoka. "Injini ya moto hiyo!"

"Injini siigusi! Naosha nje tu. Milango, na huku mbele ulikojaza vidole vyako vya grisi."

"Baba, weka ndoo chini."

"Dakika chache tu, mama."

"Binti yako amesimama huko na kidonda cha uzazi."

"Na mimi nina heshima yangu!" alisema Steringi, maji yakimruka viatuni. "Mjukuu wangu wa kwanza! Siku yake ya kwanza kutoka nje, anafika pale mlangoni, cha kwanza kabisa anachokiona duniani ni gari la babu yake limejaa vumbi na grisi. Atanionaje mimi?"

Mkewe alijisogeza akakaa vizuri kiti cha nyuma, akatandaza shali mapajani, lile lile la zamani, na kukifunga kioo chake mpaka juu. Kabla hakijafika mwisho alisema:

"Mtoto wa siku mbili, baba, haoni vizuri hata uso wa mama yake. Ila ananusa."